Deni Lililovuka Ziwa Tanganyika

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Unguja kumbana Seyyid Barghash bin Said apige marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Frere alikuwa amekwisha kuwa gavana wa Bombay, akawajua matajiri wa Kihindi na desturi zao za hesabu, kwa hiyo hakuridhika na mazungumzo ya kasri peke yake. Aliuliza pia fedha ziko wapi. Taarifa yake ilitaja nyumba moja ya biashara ya Kihindi iliyokuwa na takriban pauni 434,000 mikononi mwa wadaiwa wake, kwa mikopo na kwa rehani. Kama pauni 60,000 kati ya hizo zilikuwa zimetawanyika bara. Sultani na jamaa zake walidaiwa kiasi kinachokaribiana na hicho, na Wazungu na Wamarekani waliofanya biashara mjini nao walikuwamo daftarini.

Kwa hiyo mfalme, wageni wake, na mtu aliyekuwa akipima pembe huko Ujiji au Manyema, wote walikula chungu kimoja. Tumefundishwa habari za njia za bara kwa majina ya waliozitembea: Burton, Speke, Livingstone, Stanley, na kwa upande wetu Tippu Tip na Rumaliza. Sura hii inawafuata waliobaki Unguja wakihesabu miaka. Naamini deni ndilo lililoisukuma misafara hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ndilo lililowageuza wafanyabiashara wengi kuwa watekaji, na ndilo mpini ambao mataifa ya Ulaya yaliushika yalipokuja kutwaa nchi.

Nyumba kubwa kuliko zote wakati huo ilikuwa ya Jairam Shivji, Banyani wa jamii ya Bhatia kutoka Kachi, kaskazini-magharibi mwa India. Kuanzia miaka ya 1830 nyumba hiyo ndiyo iliyokodi forodha ya Seyyid Said bin Sultan, na kwa takriban miaka 40 haikuiachia. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Sultani hakuwa na makarani wa kukusanya ushuru katika kila bandari kuanzia Lamu hadi Kilwa. Alitaka kiasi kinachojulikana kila mwaka, bila usumbufu. Mkodishaji alimhakikishia kiasi hicho, akaweka watu wake bandarini, na chochote kilichozidi kikawa chake. Seyyid Said akiishiwa kabla ya mwaka kwisha, alimwendea mkodishaji huyo huyo kumkopa kwa mapato ya mwaka ujao. Ndivyo kiti cha enzi kilivyoingia kwenye daftari la Jairam. Barghash alipotawala mwaka 1870 alikuta marehemu kaka yake, Seyyid Majid, ameacha deni la zaidi ya reale nusu milioni kwa nyumba hiyo.

Lakini faida kubwa ya forodha haikuwa ushuru. Ilikuwa kuona. Pembe yoyote iliyotoka Tabora ililazimika kuteremka Bagamoyo, Sadani, Pangani au bandari nyingine ya Mrima, na pale kwenye mizani alikuwa amekaa wakili wa mkodishaji. Mdaiwa aliyekuwa bara miaka mitatu asingeweza kuuza mali yake kimyakimya na kurudi nyumbani. Huko bara angeweza kufanya atakavyo. Mwisho wa safari mlango ulikuwa mmoja, na mwenye mlango ndiye aliyekuwa akimdai. Benki yoyote ya leo ingefurahi kuwa na dhamana ya namna hiyo. Mtu akiielewa forodha hii, anaelewa kwa nini watu walikubali kupeleka mali ya maelfu mahali ambapo wao wenyewe hawajapata kufika wala hawakutarajia kufika.

Mali hiyo yenyewe haikuwa ya Unguja. Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na uliweka ushuru wa asilimia tano kwa bidhaa zinazoingia. Meli za Salem, mji mdogo wa Massachusetts, zikaanza kumimina nguo nyeupe ngumu iliyofumwa katika viwanda vya jimbo hilo, ambayo watu wa pwani na bara waliiita merikani. Balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika mwaka 1837 akiwa mfanyabiashara pia, na haukupita muda akaelewana na Jairam. Waters alileta nguo, Jairam akazisambaza kwa mkopo na kuhakikisha pembe na sandarusi zinarudi kwake. Wajerumani wa Hamburg walikuja baadaye, nyumba ya O'Swald ikiwa mbele. Kutoka India kulikuja kaniki, kutoka Venice ushanga. Pembe nazo zilikwenda Bombay, London na Connecticut, ambako viwanda vya Deep River na Ivoryton vilizipasua kuwa vibao vya kinanda.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa Salem alimkopesha Mhindi wa Unguja, Mhindi akamkopesha Mwarabu au Mswahili wa msafara, na huyo akawakopesha wadogo zake na watumwa wake wa biashara waliotangulia vijijini. Aliyekuwa mwisho wa mnyororo ndiye aliyekuwa na muda mfupi na hatari nyingi.

Mkopo wenyewe uliitwa mali kauli. Aliyetaka kwenda bara alikuwa na jina, nasaba, pengine nyumba mjini au shamba la mikarafuu Unguja au Pemba. Fedha taslimu hakuwa nazo. Alikwenda dukani kwa tajiri, wakakubaliana, akachukua bidhaa na kuandika hati kwamba atalipa baada ya miaka miwili au mitatu. Tuseme nguo, ushanga na masango aliyopewa yangeuzwa siku hiyo kwa reale 700. Hati ingesomeka 1,000. Hapakuwa na pahali palipoandikwa riba, kwa kuwa Mwislamu amekatazwa riba na kadhi asingeihukumia. Zile 300 zilikaa ndani ya bei. Shamba au nyumba iliwekwa rehani, mara nyingi kwa mfano wa mauzo yenye sharti: nimekuuzia, nikilipa kwa wakati mali ni yangu tena. Wenye mashamba wengi walibaki wakiishi ndani ya mashamba ambayo kwa karatasi hayakuwa yao tena, hasa baada ya kimbunga cha Aprili 1872 kuing'oa mikarafuu ya Unguja.

Nani alifaidika? Katika karne hiyo bei ya pembe ilipanda Unguja mwongo baada ya mwongo, na nguo za viwandani zikawa nafuu. Kwa hesabu ya jumla biashara ilikuwa ikinona. Lakini pembe za karibu zilikwisha kwanza. Ndovu walipopungua Ugogo na Unyamwezi, msafara ulilazimika kufika Ujiji. Ujiji napo pembe zilipokuwa haba, ukavuka ziwa. Kila hatua mbele iliongeza miezi, hongo, wapagazi na walinzi, na hati ya deni haikuongezewa hata siku moja. Utajiri wa kupanda kwa bei ulibaki pwani. Gharama ya umbali iliwafuata waliokuwa njiani.

Inafaa tuutazame mzigo mmoja, maana fedha zote tunazozizungumzia zilipanda bega la mtu kwa namna hii. Jora za merikani zilikunjwa, zikashindiliwa kwa miguu hadi zikawa mtumba mrefu mgumu kama gogo, ukafungwa kwa kamba ya kumbi. Pembeni mwake zilisimikwa fito ili mpagazi akichoka auegemeze kwenye mti bila kuinama hadi chini, na akiondoka auchukue bila kumwita mwenziwe. Uzito ulikuwa ratili 70 hivi, yaani kilo 32. Masango, yale makoili ya waya wa shaba, yalining'inizwa ncha mbili za mti. Pembe kubwa ilibebwa na wawili kwa mzegazega. Ushanga ulitaka akili kuliko nguvu. Burton alitaja aina kama 400 za ushanga, kila moja na jina lake na soko lake, na uliopendwa kijiji hiki mwaka huu ungeweza kukataliwa mwakani. Samesame, ule mwekundu wa marijani, ulipendwa pengi. Aliyekosea kuchagua ushanga Unguja alibeba takataka maili mia kadhaa, na deni lake halikupungua hata senti.

Huko njiani nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Msafara ulipita Ugogo, nchi kavu ambayo wenyewe ndio waliomiliki visima, na kila mtemi alidai hongo. Mara nyingi mazungumzo ya hongo yalichukua siku kadhaa, na kila siku wapagazi walikula posho. Mkuu wa msafara alikuwa akikata mikono na doti kutoka kwenye mtaji wake kabla hajaiona hata pembe moja. Wapagazi hodari kuliko wote walikuwa Wanyamwezi, watu huru walioifanya kazi hii kwa fahari na waliokuwa wakifanya biashara hadi pwani kabla ya mtu yeyote kutoka pwani kufika kwao. Walijua bei yao. Mkuu aliyewapunja aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na wenyewe hawapo.

Tabora ulikuwa mji wa wadaiwa. Yule aliyefika pale na hesabu yake imeharibika, kwa vita, kwa ndui, kwa wapagazi kutoroka, alikuwa na njia mbili. Arudi pwani akakabidhi pungufu na kupoteza nyumba, au abaki, alime mpunga na ngano, aoe, asubiri bahati. Wengi walibaki. Tembe nzuri za Unyanyembe ambazo wasafiri wa Kizungu walizisifu, zenye michungwa na mikomamanga, baadhi yake zilijengwa na watu wasioweza kurudi. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipofunga njia ya kwenda Ujiji na vita vikadumu miaka kadhaa, hali ya watu hao ikawa mbaya zaidi. Pembe zilikwama na muda wa hati ukazidi kupita. Wanahistoria humwita Mirambo Napoleon wa Afrika, jina alilopewa na Stanley. Mimi humwona kwanza kama mtu aliyejua kwamba aliyeishika njia alizishika fedha za Unguja.

Aliyeueleza mfumo huu kwa kinywa chake ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip. Habari za maisha yake aliziandika kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1900. Msomaji anayefungua kitabu hicho akitafuta mapigano atayapata, ila atashangaa jinsi mwandishi anavyokumbuka madeni. Nani alimpa nini, kwa kiasi gani, frasila ngapi zilirudi. Alianza kijana na bidhaa za kama reale 1,000. Katika safari yake kubwa ya miaka ya 1860 alichukua bidhaa za reale 30,000 kwa wafanyabiashara wengi tofauti, kwa kuwa hakuna mmoja aliyethubutu kumpa zote.

Kijana aliyebeba reale 30,000 za watu hawezi kurudi na visingizio. Mwaka 1867 alifika kwa Nsama, mtawala wa Itabwa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru, ambaye watu wa pwani walimwogopa kwa kuwa aliwahi kuwapiga. Pakatokea mapigano, Nsama akashindwa kwa bunduki, na Tippu Tip akafungua maghala yake. Anasema alikuta frasila 1,950 za pembe, karibu tani 31, na frasila 700 za shaba. Mali iliyokusanywa na ufalme kwa miaka mingi ilitoka kwa siku chache, ikawekwa mabegani, ikaenda kulipa hati za Unguja. Pale Unguja haikuulizwa imepatikanaje. Iliulizwa ina uzito gani.

Baada ya hapo hakuwahi tena kuzunguka maduka. Taria Topan, Khoja wa Kismailia aliyekuja Unguja kutoka Kachi akiwa mtoto na kuinuka hadi kuwa tajiri mkubwa wa mji, alimpa peke yake bidhaa za takriban reale 50,000. Tippu Tip aliondoka mwaka 1870. Hakurudi Unguja hadi 1882. Miaka kumi na miwili! Katika muda huo Seyyid Majid alikuwa amefariki, soko la watumwa limefungwa, kimbunga kimepita, na Taria mwenyewe amechukua ukodishaji wa forodha mwaka 1876 kutoka kwa nyumba ya Jairam. Mdaiwa wake alikuwa amejifanya mtawala katika nchi za mto Lualaba, makao yake Kasongo, ana maelfu ya watu chini yake, anaamua kesi na kutoza pembe kama kodi. Taria alisubiri. Alijua kwamba hata mtawala wa Kasongo, siku akitaka kuuza, atashukia Bagamoyo.

Sipendi jinsi simulizi hii inavyosimuliwa wakati mwingine kama hadithi ya ujasiri wa biashara tu. Bunduki na baruti zilikuwemo katika mali kauli kama nguo zilivyokuwemo. Manyema ilikuwa mbali mno kiasi kwamba kununua pembe kwa haki, kulipa wapagazi kwa haki na kurudisha deni vilikuwa haviendani, na wengi walichagua njia ya mkato: choma kijiji, kamata wanawake na watoto, wakomboe kwa pembe, na wasiokombolewa wabebeshwe pembe hizo hizo. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine majini. David Livingstone alikuwapo sokoni na akaliandika aliloliona. Taarifa hiyo ndiyo iliyowasha hasira Uingereza na kumleta Frere.

Livingstone naye alikuwa akiishi kwa mkopo. John Kirk, wa ubalozi wa Uingereza Unguja, alimpelekea vifaa kupitia Ladha Damji, msimamizi wa nyumba ya Jairam mjini. Waliokodiwa kuvipeleka walikaa njiani miezi, wakatumia, wakauza. Livingstone aliporudi Ujiji kutoka Nyangwe, amekonda na anaumwa, alikuta Sherifu aliyekabidhiwa mali yake ameshaiuza. Siku chache baadaye akatokea Stanley. Tunaukumbuka mkutano huo kwa salamu maarufu. Kilichomwokoa mzee yule kilikuwa vitambaa na shanga.

Na Stanley alizipataje? Gazeti la New York Herald lilimtuma, ila alipofika Unguja Januari 1871 fedha za kutosha hazikuwa zikimngoja. Balozi wa Marekani, Francis Webb, akamdhamini kwa wafanyabiashara wa mji. Burton kabla yake, mwaka 1857, alikuja na msaada wa pauni 1,000 za serikali ya Uingereza uliopitia Chama cha Kifalme cha Jiografia, akaona haraka kwamba bila Ladha Damji na karani wake Ramji hapati wapagazi, walinzi, wala nguo zinazofaa. Anasimulia kwamba siku moja pwani ya Mrima wawili hao walizungumza Kikachi mbele yake, wakiulizana kama Mzungu huyu atalifikia ziwa, na jibu la Ramji likawa la hakika: hafiki, Ugogo hatapita. Hawakujua kwamba Burton alijifunza lugha za upande ule alipokuwa askari Sindh. Watu hawa wawili walikuwa wakipima hatari, kazi waliyoifanya kila siku ya Mungu. Walikosea kwa Burton, lakini mizani yao ndiyo iliyoamua nani apewe mzigo na nani arudishwe.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha sura hii. Wakopeshaji hawa walikuwa raia wa nani? Watu wa Kachi walitoka katika nchi iliyokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na balozi wa Uingereza Unguja alidai kwamba kesi zao ni zake. Mwaka 1860 balozi Rigby alitumia hoja hiyo kuwaachisha Wahindi maelfu ya watumwa waliowamiliki. Watu wengi walipata uhuru, na hilo ni jema lisilo na shaka. Pamoja na hilo kila mtu mjini aliona kwamba kamba iliyoishika forodha, mashamba ya rehani na misafara ya bara, ncha yake nyingine ilikuwa inafungwa nyumbani kwa balozi.

Tippu Tip aliionja kamba hiyo uzeeni. Mwaka 1887 Stanley alimwendea tena, safari hii kwa shughuli ya kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan, akamfanya liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na akamtaka atoe wapagazi. Msafara ule uliharibika vibaya. Stanley alipofika pwani mwishoni mwa 1889 alimtupia lawama Tippu Tip kwa kutotoa watu kama walivyokubaliana, akamfungulia madai katika mahakama ya ubalozi wa Uingereza Unguja. Aliyeshtakiwa alikuwa Kongo, maili zaidi ya elfu moja kutoka mahakamani. Haikuwa shida. Zaidi ya pauni 10,000 zake, zilizotokana na pembe alizoiuzia Dola Huru ya Kongo, zilikuwa kwa wakala wake Unguja, Mhindi wa nyumba ya Taria Topan, na Mhindi huyo alikuwa chini ya mahakama. Fedha zikazuiwa. Shauri lenyewe likaachwa baadaye, na Tippu Tip akarudi Unguja mwaka 1891, akakaa hadi kifo chake mwaka 1905. Lakini bwana wa Kasongo alikuwa ameshikwa mkono bila askari hata mmoja kuvuka Ugogo.

Makampuni ya kikoloni yaliliona hilo vizuri kabisa. Watu hufikiri yalikuja kutafuta dhahabu au mashamba. Kitu cha kwanza yalichokitaka ni forodha. Carl Peters alikuwa amezunguka Usagara na Uzigua mwishoni mwa 1884 na karatasi za mikataba, akapata hati ya Kaiser Februari 1885, na kampuni yake, DOAG, ikasaidiwa na mwenye benki Karl von der Heydt na baadaye na fedha za Kaiser mwenyewe. Ardhi yote ile haikuwapa mapato. Aprili 1888 Seyyid Khalifa bin Said, aliyemrithi Barghash, aliikodisha kampuni hiyo pwani ya kusini pamoja na ushuru wake, na Agosti watu wa kampuni wakapandisha bendera yao Bagamoyo na Pangani. Pwani ikawaka. Abushiri bin Salim aliongoza vita vilivyoifukuza kampuni karibu bandari zote, hadi serikali ya Ujerumani ikatuma jeshi la Wissmann. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani iliamua kuinunua pwani hiyo moja kwa moja kwa marki milioni 4, sawa na pauni 200,000. Kampuni ilikopa zaidi ya marki milioni 10 kufidia hizo na hasara nyingine, na serikali ikakubali kuilipa marki 600,000 kila mwaka kutoka kwenye forodha za pwani. Watu wa Bagamoyo na Kilwa walilipia kutekwa kwao, kidogo kidogo, kila walipopitisha mzigo bandarini.

Upande wa kaskazini Sir William Mackinnon, mwenye meli za British India zilizofika Unguja tangu 1872, alipata mkataba wa forodha mwaka 1887 kutoka kwa Barghash na hati ya Malkia Victoria Septemba 1888. Waanzilishi wa kampuni yake, IBEA, walichanga pauni 240,000. Mtaji huo uliyeyuka Uganda. Hapakuwa na reli, kila kitu kilibebwa kichwani kutoka Mombasa, na Kapteni Lugard, mwakilishi wa kampuni huko, alikuwa na askari wa kulipa na vita vya kupigana. Mwaka 1891 kampuni ilipotangaza kuondoka Kampala, marafiki wa wamisionari wa CMS huko Uingereza walichangishana zaidi ya pauni 15,000 ili ibaki mwaka mmoja zaidi. Ni sadaka za kanisani zilizolipa askari. Wakopeshaji wa Kachi wasingeifanya biashara hiyo hata siku moja, kwa kuwa hakukuwa na pembe za kutosha kurudisha mtaji.

Mwaka 1895 kampuni ilikabidhi mambo yake kwa serikali, ikadai kufidiwa, ikapewa pauni 250,000. Pauni 50,000 zilitoka hazina ya Uingereza. Pauni 200,000 zilizobaki zilitoka Unguja: zilikuwa zile zile ambazo Ujerumani ilimlipa Sultani kwa kumnyang'anya pwani ya kusini. Wakati huo Unguja ilikwishakuwa chini ya ulinzi wa Uingereza kwa miaka mitano, na fedha za Sultani zilisimamiwa na Waingereza. Ukanda wa pwani ya Kenya, ambao ulikuwa wa Sultani, ukakombolewa kwa kampuni kwa fedha za Sultani, kisha ukakodishwa kwa serikali ya Uingereza. Kodi ikawekwa pauni 11,000 kwa mwaka. Kwa zile 200,000 Unguja ikaandikiwa riba ya asilimia tatu, pauni 6,000 kila mwaka. Malipo ya kila mwaka ya ukanda huo yaliendelea chini ya masultani waliofuata, hadi pwani ilipounganishwa rasmi na Kenya mwaka 1963.